Goti Nililolinyima Mazoezi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila unisome hadi mwisho kabla hujanichukia. Mimi ni fundi cherehani, mjane, na miezi minne iliyopita niliteleza kwenye ngazi za dukani nikaangukia goti, pia ya goti ikapasuka vipande viwili, nikafanyiwa upasuaji, daktari akaviunga kwa pini na waya, akasema yeye kamaliza yake, iliyobaki ni kazi yangu, nilikunje goti kidogo kidogo kila siku. Binti yangu akaomba likizo bila mshahara akaja kunitunza, na nyumba ikarudi kuwa nyumba, tunacheka, ananisuka nywele, nikaona nikipona upesi ataondoka upesi, basi akiuliza kutoka jikoni, "Mama, umefanya mazoezi?" najibu, "Nimefanya, mwanangu," na mguu umenyooka tu juu ya mto. Sasa goti limekaza, hata pedali ya cherehani siiwezi, daktari anataka kunilaza tena kwa nusukaputi alikunje kwa nguvu, na binti yangu anadhani ni yeye aliyenisimamia vibaya, juzi ameniomba msamaha huku analia, na Jumatatu anapeleka barua ya kuacha kazi ili abaki nami. Najuta, mshauri. Nimwambie, au ninyamaze asije akanichukia?

Fundi wa Mguu Mmoja

Fundi, pole kwa goti, na pole zaidi kwa upweke. Kumtamani mwanao si kosa. Ila mtoto amekuomba msamaha kwa kosa lako, nawe ukaupokea ukakaa kimya. Hapo umekosea sana, mama.

Mwambie leo, usingoje Jumapili. Anza na neno "nilikudanganya", habari za maumivu ziache kwanza. Akipandisha sauti, msikilize, na usilie ili akubembeleze. Kisha mweleze daktari ukweli huohuo, maana sasa hivi anaitafuta kasoro kwenye pini zake. Mazoezi yafanye mbele ya jirani au mteja, kwa kuwa neno lako kwa sasa halitoshi. Sikufichi, yatauma, na huenda goti lisirudi lote.

Binti yako anaweza kukununia miezi. Mwache arudi kazini hivyohivyo amenuna. Siku ukizidiwa na hamu ya kumwona, mpigie simu useme, "Nimekukumbuka, njoo." Angekuja kwa hilo tu, tangu siku ya kwanza.