Mboni ya Mume Wangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi. Mume wangu ni mhudumu wa mkahawani, haandiki oda hata moja, feni zinavuma, redio inaimba, sahani zinagongana, na kila mteja anapata alichoagiza, lakini akirudi nyumbani nikimsemesha anajibu "eeh" na kugeukia ukuta, nami nikaona hii ni dharau, nikamshtaki kwa dada yake, wifi akaitisha kikao cha familia Jumamosi hii, na mimi begi nimeshafunga.

Juzi akaniomba nimsindikize kwa mpima masikio. Akawekewa sentensi zilizorekodiwa katikati ya kelele za watu, azirudie, huku kamera ndogo ikimtazama jichoni. Akazirudia zote bila kukosea, nikacheka, nikasema si mnaona, huyu anasikia vizuri tu. Mpimaji akanionyesha kwenye skrini: palipokuwa kimya mboni ilikuwa kama punje ya mtama, kelele zilipoanza ikapanuka ikawa kama mbegu ya papai, kila sentensi, mpaka mwisho. "Anasikia, mama," akasema, "lakini tazama akili inavyobeba mzigo." Mshauri! Miaka kumi na miwili nayatazama macho yale, sikujua yana kazi hiyo.

Sasa ameniomba nisimwambie mtu, anaogopa kuitwa kiziwi kazini. Nikisema nitamwaibisha, nikinyamaza watamhukumu kwa maneno yangu. Nifanyeje?

Mwenye begi

Mwenye begi, kwanza lifungue. Pole, na nakugombeza pia: ulikimbilia kwa wifi kabla ya kumuuliza mwenyewe. Siri ya masikio ni yake, usiiguse. Shtaka ni lako, na unaweza kulifuta bila kutaja sikio la mtu. Usingoje Jumamosi, mpigie wifi leo, sema, "Nilimsingizia kaka yako. Nimekosa." Wakikuuliza umejuaje, jibu umejua, basi. Watakucheka wiki mbili, nawe utavumilia.

Habari ya ile mboni nimeisoma mara tatu, kisha nikazima redio humu ofisini. Miaka yote nimedhani mtu akiweza kurudia ulichosema, basi hana tabu. Kumbe kusikiliza ni kubeba, na jicho linatoa ushahidi. Mungu ana maajabu.

Nyumbani acha kumpigia kelele kutoka jikoni huku bomba linamwaga maji. Mfuate, kaa mbele yake, ongea taratibu. Akirudi kutoka kazini mpe nusu saa ya kimya. Wateja hawezi kuwaonyesha kwamba amechoka. Wewe alikuonyesha, ukaita dharau.