Tabaga Aliyoifumua Mama

Mjukuu wangu Zainabu,

Huku Kibra tu wazima, na mamako amepona kikohozi. Unasema daktari akikuonyesha karatasi ya miraba, unaona mistari inapinda, nawe unaona haya kumwambia.

Nikiwa msichana nilisuka tabaga, kifuniko cha chakula. Mama akaifumua mara tatu. "Umepinda mstari!" Nililia. Siku moja akagombana na fremu ya mlango, eti nayo imepinda. Tukampeleka hospitali. Daktari alimfunika jicho moja, akamulika la pili: maji yalikuwa yamejikusanya chini ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, pale katikati tunapoonea wazi.

Tuliporudi, Mama aliziba jicho bovu, akaitazama kazi yangu. "Nisamehe, binti. Ulisuka sawa."

Mwambie daktari, mwanangu. Tabaga hiyo ndiyo hufunika chakula chako kila ukija.

Haboba wako