Masharti ya Vumbi, Albert Park

Jumatatu, 4 Machi 2013

Wamebandika tangazo kwenye uzio wa kiwanja cha jirani, kile kilichokuwa gereji. Ghorofa kumi na moja! Ernestina amelisoma mara mbili, akapanda juu. Jioni ndipo akasema. Akisikia mashine moja tu, anarudi Musoma. Hatanii. Walipojenga upande wa nyuma mwaka juzi, pumu ilimlaza hospitali siku tano. Nikamwambia labda hawa watakuwa waungwana.

Miaka sita tumeishi hapa ugenini, mke na mume. Akiondoka nitabaki na nani — na cherehani?

Jumanne, 5 Machi 2013

Mzee Vénérand amegonga mlango. Jirani wa ghorofa ya tatu, Mkongo wa Lubumbashi, analinda magari ya watu mtaani na kizibao chake cha kijani. Siku zote nilimjua kwa bonjour na mwavuli. Kumbe! Kwao alikuwa karani wa mipango miji, miaka kumi na tisa. Tangazo amelinakili lote daftarini, hadi namba ya faili. Anasema si la kututisha, ni la kutuuliza.

“Iko na siku makumi tatu ya kujibu. Banatuuliza, petit, na sisi tunanyamaza?”

Petit ni mimi, kijana wake. Nikasema sisi wageni, nani atatusikiliza. Akaniuliza kama vumbi la mwaka juzi lilimwomba Ernestina kibali kwanza. Hatuzuii jengo, akasema, wajenge. Ila manispaa iwape masharti kabla ya tofali la kwanza.

Jumapili, 10 Machi 2013

Tumeandika barua baada ya ibada. Yeye anasema kwa Kifaransa na Kiswahili cha kwao, mimi naandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Vichekesho! Heshima peke yake mistari minne. Mwishoni anataka nakala kwa meya, kwa gavana… Nikamwambia hapa hakuna gavana. “Basi kwa ule mwenye kufanya kazi yake,” akasema, na hakucheka.

Lakini katikati — katikati barua ni ya mtu anayejua. Wavu kuzunguka jengo lote. Ardhi kavu imwagiwe maji. Malori yaoshwe magurudumu kabla ya kutoka. Maji ya saruji yasiingie mfereji wa mvua, maana unamwaga bandarini. Vigae vikatwe vikiwa vimelowa. Mashine zisianze kabla ya saa moja asubuhi. Kila sharti na sababu yake. Sikujua vumbi linaweza kushikwa kwa kalamu! Watu ishirini na wawili wa jengo letu wametia saini.

Jumatano, 13 Machi 2013

Ofisi ya mipango. Mimi nilitaka tuiache barua mapokezi, twende zetu. Thubutu! Mzee akatoa nakala ya pili, akaomba igongwe muhuri, tarehe, na jina la aliyepokea. Dada wa mapokezi akasema hawana utaratibu huo. Mzee akatabasamu, akavua kofia, akabaki amesimama. Dakika arobaini! Foleni inanung'unika nyuma yetu, mtu mmoja anasema eish, eish. Niliona haya nusura nijifiche nyuma ya mlango.

“Barua yenye haina cachet, haiko barua,” ananinong'oneza.

Mwishowe dada akagonga muhuri kwa hasira, ili tu tumwondokee. Wakongo na mihuri, jamani.

Jumanne, 11 Juni 2013

Kikao cha kusikiliza maombi ya ujenzi. Mwanasheria wa mwenye kiwanja akasema hakuna pingamizi lililofika ndani ya muda. Mama mwenyekiti akapekua faili. Hakuna! Nikaanza kumwona Ernestina akilini, na mabegi stendi.

Mzee akainuka na mfuko wake wa nailoni. Akatoa ile nakala. Muhuri, 13 Machi, jina la dada, saini. Mwenyekiti akaisoma yote, hata zile heshima, kisha akamwuliza kama yeye ni mhandisi.

“Car guard, Madam.”

Wala hakuinamisha kichwa. Nilitaka kumkumbatia pale pale! Na mimi nilimwonea haya mtu huyu. Njiani nikamwomba radhi. Akasema nimnunulie chai, yaishe.

Ijumaa, 12 Julai 2013

Kibali kimetoka — na masharti tisa! Sita ni yetu. Baadhi wameyachukua neno kwa neno, hadi kosa langu la Kiingereza limo. Ernestina amesoma ukurasa mzima akiwa amesimama jikoni. Anasema haamini mpaka aone. Lakini Musoma hakuitaja.

Jumatatu, 2 Septemba 2013

Wameanza. Saa moja na dakika tatu. Wavu upo. Maji yanamwagwa. Langoni wamechimba pa kuoshea magurudumu. Ernestina amefunga madirisha yote, na sanduku ameliweka juu ya kitanda, tupu. Mzee Vénérand amehama kutoka kona yake. Sasa analinda magari mkabala na lango, na kila lori linaingia daftarini.

Alhamisi, 5 Septemba 2013

Ernestina amekohoa mara mbili tu. Amefungua dirisha moja. Tumekula ndizi na samaki.

Jumanne, 10 Septemba 2013

Upepo wa joto tangu asubuhi. Pampu yao ya maji imekufa, na msimamizi amesema kazi haisimami kwa sababu ya bomba. Vumbi limejaa ndani, hadi kwenye shela ninayomshonea bibi harusi wa Jumamosi. Ernestina alikohoa mpaka akakaa sakafuni. Alipopata pumzi akafungua sanduku. Akatia kitenge kimoja. Cha pili. Mimi naandika.

Kelele chini. Nachungulia. Lori la kifusi limekwama langoni likitoka, magurudumu yana matope ya msingi mpaka juu — na mbele yake amesimama Mzee Vénérand na daftari! Dereva anapiga honi. Msimamizi anamfokea: wewe mlinda magari tu, toka. Mzee anamsomea sharti la nne la kibali, lile la magurudumu. Honi. Anaanza tena mwanzo. Ana miaka sitini na tatu mtu huyu! Msimamizi anasema anaita polisi. Mzee anamwambia sawa, aite, na afisa wa mipango wa manispaa aitwe pia, namba anayo.

Nimegeuka nimwambie Ernestina aje aone. Hayupo chumbani.

Yuko kule chini! Amejifunga kanga puani, anatembea polepole, mkono mmoja ukutani. Amefika. Amesimama kando ya mzee, mbele ya lori. Dereva ameacha honi, anamtazama. Joséphine wa saluni ya mtaani kwetu anatoka na kitana mkononi, na mteja wake nyuma, nusu kichwa kimesukwa. Lori halijarudi nyuma. Halijaenda mbele.

Ernestina anatazama juu, ananipungia mkono. Sauti haimtoki, lakini namwelewa: anataka nimshushie kiti, akae pale pale mbele ya lori.