Vidonge Vilivyobaki

Jumatatu, 3 Machi
Wifi hakutulia leo. Anaingia chooni, matone mawili, anatoka na machozi. Mkojo unamchoma. Kanishika mkono, nisimwambie mama yake! Ana mimba, mume yuko safarini – watu watauliza ugonjwa kauokota wapi. Nikamwambia tulia, daktari yupo. Nyumba hii daktari ni mimi, hata mume wangu huniita hivyo kwa mzaha. Kwenye kopo langu la peremende vilikuwemo vidonge vya mkojo nilivyobakisha nilipougua mimi. Nikipata nafuu huwa naacha, naweka akiba. Dozi haikutimia. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Alhamisi, 6 Machi
Kapona! Kanikumbatia jikoni. Akauliza aendelee kumeza? Nikasema vya nini, unamtibu nani? Nimejiona mtu, sikatai.

Jumanne, 11 Machi
Ugonjwa umerudi. Safari hii na homa, na maumivu ubavuni. Nimempa vile vya rangi mbili, vya jino la mume wangu. Mama mkwe kahisi jambo. Kasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa naosha vyombo. Sikugeuka.

Alhamisi, 13 Machi
Hospitali. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Ugonjwa umepanda kwenye figo. Mkojo wanauotesha maabara, waone dawa ipi itawaua hao bakteria.

Jumamosi, 15 Machi
Majibu yametoka. Dawa zangu zote mbili hazifui dafu! Bakteria sugu. Daktari kaeleza polepole: ukikatisha dawa, vijidudu dhaifu vinakufa, vile vikaidi vinabaki na kuzaana. Imebaki sindano, nayo wanaijaribu. Mtoto bado anacheza tumboni, ila homa isiposhuka uchungu unaweza kuja kabla ya wakati. Daktari akauliza nani alimpa vidonge.

Wifi akasema, "Nilinunua mwenyewe."

Hakunitazama hata kidogo. Mama mkwe akaanza kumgombeza – mgonjwa, na dripu mkononi – eti mtu mzima unajinunulia dawa kama karanga. Mimi nimesimama na chupa ya chai. Mdomo nilikuwa nao. Naona aibu, Mungu wangu, naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Daktari anataka kujua kila alichomeza, na kwa siku ngapi. Wifi kafumba macho. Mama mkwe akaninyooshea mkono: "Muulize huyu. Anamtunza kuliko mimi niliyemzaa."

Nikasema tumbo linanikata.

Nimo ndani ya choo cha wodi, naandikia magotini. Daktari ananingoja. Nikitoka nitasema. Nitasema mbele ya mama mkwe –

Mlango unagongwa. Ni yeye. Anauliza kwa sauti ya chini, mwanangu, au na wewe mkojo unakuchoma? Usione haya, anasema. Anavyo vidonge mkobani, wifi yako alivibakisha. Anavipitisha chini ya mlango.