Kufuli la Clement

Singida mjini

Shemeji Winfrida,

Hamjambo hapo Ulemo? Alizeti mmemaliza kupiga? Huku kiwandani magunia yamejaa hadi uani, kwa hiyo bosi hataki mashine zisimame. Tunakarabati makabati ya umeme ya zamani moja moja, huku mafuta yakiendelea kukamuliwa.

Jana ilikuwa zamu ya kabati la tatu, lile lililomuua marehemu mumeo. Unaujua utaratibu wetu: fundi anazima swichi, anaifunga kwa kufuli lake, na hakuna mwingine wa kulifungua. Siku ile Clement hakufunga, mtu akawasha.

Basi jana nafika, nakuta swichi imeshazimwa na kufungwa. Kufuli ni la Clement, lile ulilolipaka rangi ya kucha.

Bosi akafoka, "Kudra, likate, ufunge lako!"

Nikamwambia mwenye kufuli hajalifungua. Nikaanza kupima nyaya za ndani, kuvuta muda tu. Shemeji, zilikuwa na umeme! Waya mmoja mkuukuu ulikuwa unauleta kutoka kabati la nne. Ningezigusa, ningekufa.

Nikazima la nne, nikautoa waya ule. Nilipogeuka, kufuli lilikuwa wazi, ufunguo ukining'inia.

Ufunguo huo wewe mwenyewe uliutia mfukoni mwa suti yake, tukamzika nao. Sasa uko hapa mezani. Kila nikiufuta, unatoa udongo.

Nenda kaburini ukaangalie, lakini usiende peke yako.

Shemeji yako,
Kudra