Abdallah Asiyekuwapo

Jumatano, Mei 1968

Sanduku la bibi lilipotea Januari 1964, na ndani yake picha pekee ya babu mzaa babu, Mmarekani wa Ohayo aliyeshuka na meli ya vitambaa, akasilimu, akaitwa Yusuf bin Abdallah.

Miaka mitatu nnamuulizia huyo Abdallah, baba yake, nipate kizazi chetu cha huko. Nyumba yangu niliijenga kwa muda mfupi zaidi.

Leo Jang'ombe shangazi, Bi Mgeni, kaitikia shikamoo yangu kitandani, kisha kacheka mpaka kakohoa.

"Abdallah gani, mwanangu? Si kila anayesilimu hupewa Abdallah awe baba? Jina la kweli baba yangu alilisikia siku Yusuf anazikwa, akisomewa talakini kaburini. Maiti huitwa kwa mamake. Yusuf bin Hana."

Hana, mamake wa huko Ohayo. Alhamdulillahi, na shangazi yu hai kunipa jina. Nilimbusu mkono, machozi yakanitoka.

Ila kaongeza: "Kaka yako nshamwambia zamani."

Kaka Hamadi, ulijua ukaniacha nihangaike? Kesho nnakuja dukani kwako. Kabla ya adhuhuri nataka jibu: ndiyo au la.