Mpaka Ng'ombe Wamkubali Mabula

Nyabusozi, Jumanne

Na mimi niliyejiona mstaarabu eti kwa sababu nimeandika barua!

Masanja, mchungaji wetu wa miaka sita, anarudi kwao Shinyanga. Wiki iliyopita alimwamkia baba, akamwambia. Baba akamuuliza atabaki siku ngapi.

"Siku sijui, mzee. Nitaondoka ng'ombe wakimkubali Mabula."

Huyo Mabula kamtafuta mwenyewe, ashike nafasi yake.

Jioni hii Mabula amewaita ng'ombe kwa mluzi aliofundishwa. Wote wamegeuka, wakamtazama Masanja! Amecheka, akasema, "Bado." Kisha akaenda kuchutama nyuma ya jiko ili wasimwone. Mtu mzima, amejificha asionwe na ng'ombe anaowachunga mwenyewe. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu pale.

Barua yangu ya kuacha kazi imo mkobani tangu Ijumaa. Humo nimeipa shule yetu notisi ya siku tatu. Mkataba unasema mwezi, lakini shule ya Kasulo inanitaka Jumatatu, na nikichelewa watachukua mwalimu mwingine. Nilijiambia, hii ni chekechea tu, nani atajali?

Neema atajali. Mpaka leo haingii darasani nisipomshika mkono.

Kesho nawapigia Kasulo, niombe huo mwezi. Wakikataa... naogopa, sitaki kudanganya.

Barua nimeichana. Asubuhi mwalimu mwenzangu Joyce ndiye atakayempokea Neema mlangoni, na mimi nitafute pa kuchutama.